Taa ya erbagi haizime kwa Hiace yangu, fundi mumoja anataka kuificha. Nisaidieni

Shofere_Ndosho (Goma), Jumatatu usiku

Bandugu, jambo. Niko na Hiace ya 2008, ya mazutu, volan iko kuume vile zote zenye kutoka Japani. Inafanya Goma–Sake kila siku, asubuyi mpaka jua kuingia. Sasa ni wiki ya pili taa ya erbagi, ule mufuko wenye kujaa hewa gari ikigonga, inawaka kwa tablo, ile nyekundu yenye picha ya mutu amekaa na puto mbele ya kifua. Naweka kontakti kwa ufunguo, inawaka pamoja na zingine, zingine zinazimika, yenyewe inabaki. Gari inatembea muzuri, freni muzuri, motere muzuri, ni hii taa tu njo inaninyima usingizi.

Nilipitisha kwa garaji moja, fundi hakufungua hata visi moja, akasema nimupe dola 10 atoe ampule nyuma ya tablo, mambo kwisha. Nikaenda kwa mwingine, huyu akasema kalkilateri, ile kompyuta ya erbagi, imekufa nitafute dola 250, na yeye pia hakuweka skana, mashine ya kusoma makosa. Roho ikawakataa wote wawili. Mbele mule tunakaa mimi na abiria, sana sana bamama wenye kurudi na biashara, na mara mingi muke yangu. Kama hiyo kintu waliiweka juu ya kutuponya, naificha namna gani?

Mwenye alishafanya hii kazi anieleze pole pole. Mimi si fundi, lakini kle na turnavisi najua kushika.

Fundi_Kadutu (Bukavu), Jumatatu usiku

Ndugu yangu, kwa kukataa ampule itolewe umeshafanya kazi kuliko hao mafundi wawili.

Elewa kwanza hiyo taa inafanya nini. Kila ukiweka kontakti, kalkilateri ya erbagi inapiga hodi kwa vyote vilivyofungwa kwake: kapteri za mbele (vyombo vya kusikia mgongano), erbagi ya volan, mikanda kama ni ile ya kujivuta, na fili (waya) zote. Kwa Toyota inachukua kama sekunde 6. Wote wakiitika, taa inazimika. Mmoja akinyamaza taa inabaki, na kosa linaandikwa ndani kwa namba, njo tunaita kodi. Na taa ikiwa imebaki hivyo usihesabu erbagi tena, siku ya kugonga inaweza kukaa kimya kabisa. Kwa hiyo endesha pole na mkanda ufungwe na kila mtu wa mbele, leo hii, usingoje mpaka itengenezwe.

Sasa nijibu. Klaksoni inalia hata ukizungusha volan mwisho kwa mwisho? Kuna mtu alitoa viti au redio hivi karibuni? Batri ilishaisha nguvu ukasukumwa? Na mbele, uligonga kitu?

Shofere_Ndosho (Goma), Jumanne asubuyi

Mukubwa aksanti. Klaksoni inalia pande zote. Viti na redio hakuna mutu aligusa, batri ni mupya. Lakini kugonga, ndiyo. Ilikuwa mbele ya Mugunga, nilikwepa pikipiki nikaingia kwa mawe, jiwe la volkano likapiga parashoki (bampa) kwa chini. Ikapasuka kidogo, nikaishona na waya. Siku tatu kiisha nikaosha gari na ile mashine ya maji ya nguvu, tope ilikuwa imejaa kule mbele, na taa ikawaka kesho yake. Sikuunganisha hizo mambo mpaka sasa unauliza.

Fundi_Kadutu (Bukavu), Jumanne mchana

Basi tunakaribia. Klaksoni ingekuwa imekufa pamoja na taa ningekutuma kwenye ule utepe unaojikunja chini ya volan, ni ugonjwa wa kawaida sana kwa gari za zamani. Lakini jiwe, kiisha maji ya nguvu, hapo mimi naangalia kapteri ya mbele. Ziko mbili, kuume na kushoto, zimefungwa kwenye chuma cha mbele nyuma ya parashoki, ni kadude kadogo keusi kanaingia kwenye kiganja. Kazi yao ni kusikia gari ikisimama ghafula na kumwambia mkubwa wao wa katikati. Mule mbele hazina raha, jiwe, tope, maji, zote zinafika kwao kwanza.

Lakini mimi nikinusa haitoshi, soma kodi. Zile skana ndogo za dola 15 za kuongea na simu zinasoma motere, kwa erbagi nyingi hazifiki, kwa hiyo usidanganyike ikikuambia hakuna kosa. Tafuta mtu mwenye skana inayoingia kwenye SRS, yaani mfumo wa erbagi. Ukikosa, Toyota nyingi za miaka hiyo zinaongea zenyewe kwa taa. Ile prizi ya skana chini ya volan iangalie na upande wake mpana ukiwa juu. Hesabu kutoka kushoto: tundu la nne la safu ya juu, na la tano la safu ya chini, namba 4 na namba 13. Kontakti ikiwa imezimwa, unganisha hizo mbili na kawaya, kiisha weka kontakti. Taa itapepesa. Ikipepesa mara moja, ikanyamaza kidogo, ikapepesa mara tatu, ni 13, kapteri ya mbele kuume. Moja na nne ni 14, ya kushoto. Ikipepesa haraka haraka bila kusimama, haina kosa. Kwa skana 13 utaiona kama B1610 na 14 kama B1615.

Kawaya kasiguse tundu la mwisho chini kuume, namba 16, pale ni moto (umeme) wa batri moja kwa moja. Hesabu mara mbili kabla ya kuingiza. Kama mkono unatetemeka acha, lipa mwenye skana.

Mwana_Katuba (Lubumbashi), Jumanne mangaribi

Mimi naongeza kintu kimoja juu ya ile ampule, juu ilinipata. Mwaka jana niliuza Hiace nikanunua Sprinter ya 2010, taa zote safi kwa tablo, nikafurahi. Miezi mbili kiisha kijana wa skana hapa Kamalondo njo alinionyesha: ukiweka kontakti taa ya erbagi haiwake hata kidogo. Haiwake! Inapashwa kuwaka kwanza, kiisha kuzimika. Mwenye aliniuzia alikuwa ameiziba. Na chini ya kiti, kwa ile konekteri ya manjano, walikuwa wameweka rezistansi kadogo ka oms 2 na kitu, juu kalkilateri ikipima ione kama vile erbagi iko pale. Ya kiti haikuwako. Mahali yake ilikuwa wazi, wameshona kitambaa.

Kwa hiyo bandugu mukienda kununua gari, kabla ya kuangalia rangi na pneu, weka kontakti uangalie hiyo taa. Iwake, uhesabu mpaka sita, izimike. Ikikosa kuwaka, ogopa zaidi ya yenye inabaki inawaka.

Njia ya Likasi ni kilometa kama 120 na makamio yamejaa, sitaki kuifanya na rezistansi mahali ya erbagi.

Mama_Himbi (Goma), Jumanne usiku

Yaya wa Katuba pole. Mimi niko na gari mbili za kazi na nasoma hapa na mukono kwa shavu. Swali langu ni la mutu asiyejua: hiyo erbagi bila mukanda inasaidia? Juu bashofere bangu mukanda wanaufunga tu wakiona polisi.

Fundi_Kadutu (Bukavu), Jumanne usiku

Mama, heshima. Bila mkanda inaweza kuumiza. Erbagi inajaa kwa sehemu ya sekunde, kama thelathini kwa elfu, kabla hujafunga jicho imeshatoka, na inatoka kwa nguvu ya baruti. Imepangwa imkute mtu ameshikwa na mkanda, amekaa kama sentimita 25 au zaidi kutoka kwa volan. Mtu asiye na mkanda anarushwa mbele, anakutana nayo njiani ikiwa bado inafunguka. Na mtoto mchanga usimweke mbele ya erbagi ya abiria hata siku moja, hata ukiwa umemshika. Waambie madereva wako hivyo hivyo, polisi haina neno hapo.

Shofere_Ndosho (Goma), Jumatano usiku

Nimehesabu mara tano, muke yangu akiandika: moja, kimya, ine. Ni 14.

Lakini niko na shida. Nilifungua upande wangu, nikatoa parashoki, kapteri niliyoikuta ni safi kabisa, konekteri yake inangaa. Ao kodi inadanganya?

Fundi_Kadutu (Bukavu), Jumatano usiku

Kodi haidanganyi, umefungua kuume. Kushoto na kuume ni vile unavyokaa ndani ukiangalia mbele, si vile unavyosimama mbele ya gari. Na volan yako iko kuume, kwa hiyo kushoto ni upande wa abiria. Wengi wanaanguka hapo, wanabadilisha nzima wanaacha mbovu.

Halafu uliniogopesha kidogo. Batri ulitoa kabla ya kuingiza mkono?

Shofere_Ndosho (Goma), Jumatano usiku

Sikutoa.

Fundi_Kadutu (Bukavu), Jumatano usiku, saa 5

Sikukemei, ila hii isome yote kabla ya kesho, na mwingine anayepita hapa asome pia.

Kontakti zima, ufunguo toa uweke mfukoni mwako. Ondoa kichwa cha batri cha negatifu, chenye alama ya kutoa (−), kifunge na kitambaa kisirudi chenyewe. Kiisha ngoja. Toyota inaandika angalau sekunde 90, wengine wanaandika dakika tatu, wengine kumi. Ndani ya kalkilateri kuna kondensateri zinazobaki na moto wa kutosha kufungua erbagi hata batri ikiwa imetolewa, ziliwekwa makusudi, juu ajali inaweza kukata batri kwanza. Mimi nangoja dakika kumi siku zote, sijawahi kuona kazi iliyoharibika kwa dakika kumi.

Fili za manjano na konekteri za manjano ni za erbagi. Usizichome na sindano ya mita, usizipime na ampule ya majaribio. Mita ukiiweka kwa oms inatoa moto wake kidogo, na erbagi yenyewe ni oms mbili tatu tu, huo moto kidogo unaweza kuifungua. Erbagi haipimwi na mita, hapana, hata uwe fundi wa miaka thelathini. Kinachopimwa ni fili, zikiwa zimetolewa pande zote mbili, kwa kalkilateri na kwa kapteri: mwisho kwa mwisho iwe chini ya om 1, na kati ya fili na chuma cha gari iwe megaom 1 kupanda.

Kapteri isipigwe nyundo, isiangushwe. Ikianguka chini kwenye simenti, hata ikionekana nzima, ni ya kutupa. Na usiweke kontakti na kapteri imeshikwa mkononi au inaning'inia kwa fili.

Kwa kazi yako hauhitaji kutoa erbagi ya volan, iache. Siku ukilazimika kuitoa, ibebe uso wake ukiangalia mbali na mwili, na uilaze uso juu. Ikilala uso chini na ikafunguka, inaruka yenyewe kama jiwe.

Shofere_Ndosho (Goma), Alhamisi usiku

Nimefanya vyote. Batri nilitoa, nikaenda kunywa chai, nikarudi.

Upande wa abiria njo kulikuwa mambo. Parashoki ilipotoka, mchanga mweusi wa volkano ulimwagika kama mavumbi ya kahawa. Kapteri ilikuwa imekaa upande, kile chuma chenye kuibeba kimepindika kidole kimoja ivi. Konekteri nilikuta kaufungo kake kamevunjika, haikuwa imeingia mpaka mwisho, na ndani pini moja ya mbili ilikuwa na kutu ya kijani, ile ya kama sarafu ya zamani. Nikasafisha na dawa ya konekteri na buroshi ya meno, nikarudisha, nikafunga batri. Taa ikabaki. Kodi 14.

Fundi_Kadutu (Bukavu), Alhamisi usiku

Hapo sasa ni fili ao kapteri, na kuna njia ya kuwatenganisha bila kununua kitu. Soma namba iliyoandikwa kwenye kapteri zote mbili. Kama ni namba ileile, batri nje tena, ngoja tena, zibadilishe mahali, ya kushoto iende kuume. Zifunge kabisa na visi zao. Futa kodi na skana, weka kontakti. Kodi ikihamia 13, kapteri ni mbovu. Ikibaki 14, kapteri ni nzima, tafuta fili iliyokatika. Namba zikitofautiana hata herufi moja usizibadilishe.

Shofere_Ndosho (Goma), Ijumaa usiku

Namba ni moja. Nilipata mwenye skana hapa Birere, dola 5, akafuta vyote. Imerudi B1610. Imehama! Kapteri njo mubaya. Dola 250 ya kalkilateri ningeitupa bure.

Yeye mwenyewe wa skana ananiambia iko na okazyo, yenye ilishatumika, dola 20, imetoka kwa Hiace iliyopinduka. Nichukue?

Mama_Himbi (Goma), Ijumaa usiku

Iliyopinduka? Apana.

Fundi_Kadutu (Bukavu), Jumamosi asubuyi

Mama amejibu. Toyota yenyewe inakataza kutumia kipande chochote cha erbagi kilichotoka gari nyingine, na kwa kapteri iliyopita kwenye ajali sababu iko wazi: imepigwa tayari, na hakuna mtu hapa mwenye mashine ya kujua kama ndani bado inapima sawa. Taa inaweza kuzimika nayo, ukatulia, na siku yako ikachelewa kusema. Najua hapa kwetu tunaishi na okazyo, motere okazyo, giabokisi okazyo, hata mimi nafunga kila siku, sina haya nayo. Giabokisi ikifa utasukuma gari. Hii hautapata nafasi ya kusukuma.

Agiza mpya na ile namba ya kwenye kapteri yako, ipige picha, usiagize kwa kusema tu Hiace 2008.

Mwana_Katuba (Lubumbashi), Jumamosi muchana

Na erbagi yenyewe ya okazyo ni mubaya zaidi. Mutu akumbuke ile mambo ya Takata, kampuni yenye ilikuwa inatengeneza erbagi. Baruti yao ya nitrati ya amonia ilikuwa inaharibika na joto na unyevu miaka ikipita, erbagi ikifunguka kale kachuma ka ndani kanapasuka kanarusha vipande kwa uso ya mutu. Waliita kurudisha zaidi ya milioni 100 dunia nzima, na kampuni ikafilisika mu 2017. Magari ya chapa mingi iliguswa, na mingi ya zile za zamani njo zinatufikia sisi. Namba ya chasi yako iingize kwa tovuti ya mwenye kutengeneza gari, uone kama iko kwa orodha, ni bure.

Shofere_Ndosho (Goma), Jumanne, wiki iliyofuata

Imefika kutoka Kampala, mupya, kwa boksi yake, dola 85 pamoja na usafiri. Nimeuza mbuzi mumoja.

Kabla ya kufunga, kuna kintu cha kuangalia?

Fundi_Kadutu (Bukavu), Jumanne mchana

Kile chuma kilichopindika kinyooshe kwanza, kapteri ikiwa mbali, ao ukibadilishe, juu kapteri ikikaa upande inasikia vibaya. Mahali inapokaa pasafishwe kutu na rangi na tope, ilale kabisa kwenye chuma. Kama ina mshale mgongoni, mshale uangalie mbele ya gari. Visi zikazwe na mkono, na kle dinamometriki ukiweza kuazima, usitumie mashine ya hewa. Konekteri ile yenye kaufungo kavunjika nayo ibadilishwe, usiishone na waya wala gundi, na fili zake zisisokotwe na kufungwa na skochi, zibanwe na vibanio vyake. Ikiingia utasikia inalia tak. Usiposikia, haijaingia.

Ukirudisha batri, asikae mtu ndani. Weka kontakti ukiwa umesimama nje, mkono kwa pembeni, kichwa mbali na volan.

Shofere_Ndosho (Goma), Jumatano mangaribi

Nimerudi kutoka Sake sasa ivi.

Asubuyi niliweka kontakti nikiwa inje, mulango wazi, muke yangu amesimama mbali na watoto. Ikawaka. Nikahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, ine, tano, sita. Ikazimika. Nikazima nikarudilia, mara tatu, kila mara inawaka na inazimika. Wa skana akapita, hakuna kodi hata moja. Kiisha nikaipitisha mule mule kwa mawe ya Mugunga, kwenda na kurudi, na abiria, mikanda yote ya mbele imefungwa, mama mumoja akauliza ni nini leo, nikamueleza njia yote.

Parashoki nimenunua ingine, na chini yake nimefungisha bati nyembamba ya kukinga mawe, mbali na kapteri. Mashine ya maji sitaelekeza tena kule mbele.

Mukubwa wa Kadutu, sina la kukulipa. Ukifika Goma, bandari, unipigie, nitakuja kukuchukua mwenyewe. Ile kapteri ya zamani niifanye nini?

Fundi_Kadutu (Bukavu), Jumatano usiku

Ipasue na nyundo, mbali na gari, uitupe. Usiipe mtu, ataiuzia mwingine.

Shofere_Ndosho (Goma), Jumatano usiku

Imepasuka.

Mama_Himbi (Goma), Alhamisi asubuyi

Nimeenda kuangalia gari zangu mbili saa hizi. Moja taa inawaka na kuzimika muzuri. Ya pili naweka kontakti, haiwake hata kidogo. Shofere anasema aliipokea kwangu ikiwa ivyo, na kweli mimi njo nilimupa. Wa skana wa Birere anapatikana saa ngapi?

Shofere_Ndosho (Goma), Alhamisi asubuyi

Kuanzia saa mbili, mama. Usiitume kazini leo. Nakuja naye Himbi.